Jumuiya si ya waliobobea kwenye Biblia

"Siendi jumuiya, Biblia siijui, wataniaibisha." Kauli hii kuhusu jumuiya, kile kikundi cha waumini majirani wanaosali na kusoma Neno pamoja, utaisikia sana Moshi, kuanzia Majengo hadi Kiborloni, tena kwa watu wasiokosa ibada ya Jumapili.

Dhana yenyewe haina mguu hata ndani ya Biblia. Matendo 18 inamtaja Apolo, msomi hodari wa Maandiko. Waliomweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi walikuwa Akila na Prisila, mtu na mkewe, washona mahema.

Chukua Luka 13:6-9, habari za mtini usiozaa: mwenye shamba anataka ukatwe, mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi auwekee samadi. Mchungaji ataeleza toba, sawa. Lakini mama wa Old Moshi mwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, atauliza: ukiweka samadi leo, mgomba unaitika lini? Yeye anaelewa kwa nini mtunza shamba aliomba mwaka mzima, si wiki mbili. Hapo jirani aliyemkatia tamaa mwanawe mlevi kashapata neno la kuondoka nalo.

Zipo jumuiya zilizomezwa na michango, hilo silifichi. Mwambieni mzee wa kanisa muda wa Neno usiguswe. Na zamu ya kusoma ikikufikia hujajiandaa, sema tu "nipisheni leo". Hakuna atakayekudai sababu.