Jerikeni 120 mlangoni: dhana potofu kuhusu gereji ya nyumbani

Dada yangu anakaa Makindye, nyumba iliyo chini ya barabara, geti likiwa juu. Alipokarabati nyumba, fundi alimwambia: "Mama, gereji na njia ya gari tutamalizia mwisho, pesa ikibaki." Pesa ilibaki kidogo, zege likamwagwa, likapendeza. Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ikashuka kutoka getini, ikapita chini ya mlango wa gereji, ikafika stoo. Gunia la mchele lililowa hadi nusu. Unga wa posho ukawa uji mle mle mfukoni.

(Hapa Kampala ukitaja gereji, mtu anafikiria mekanika na vijana waliolala chini ya gari. Mimi naongelea banda la kulazia gari nyumbani.)

Kwamba njia ya gari ni kazi ya mwisho, basi, ndiyo dhana iliyomgharimu dada. Ukweli ni kwamba kimo cha njia ndicho kinachoamua kimo cha sakafu ya gereji, na chini yake hupita bomba la maji, bomba la choo na waya wa umeme wa getini. Hayo yote hupangwa kabla ukuta haujainuliwa. Piga hesabu ndogo: njia yenye mita za mraba 60, ikinyeshewa milimita 40, inapokea lita 2,400. Ni jerikeni 120 za lita 20. Muulize fundi wako jerikeni hizo zitakwenda wapi. Akikujibu "yatajiendea tu", msimamishe kazi siku hiyo hiyo.

Mahali maji yanapotakiwa kwenda panajulikana. Sakafu ya gereji ikae chini ya sakafu ya nyumba, sentimita 10 hivi, na ilale kidogo kuelekea mlangoni, ili maji yanayodondoka kwenye gari yatoke yenyewe. Njia nayo iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ikishuka kuelekea mbali na nyumba. Kiwanja kikiwa kinashuka kuelekea nyumba, kama cha dada, huna budi kukata mtaro mbele ya mlango wa gereji, upana wote, uufunike kwa chuma cha matundu, kisha uyapeleke maji pembeni hadi kwenye shimo lililojazwa mawe, la kunywea maji, au mtaro wa mtaa. Si kwa jirani wa chini. Kesi za namna hiyo mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anazo za kutosha.

Mafundi wengi wanaamini pia kwamba zege hukauka, kwa hiyo jua kali ni baraka. Zege halikauki kama nguo. Simiti inashikana kwa kula maji, na jua likiyanyonya mapema, uso wa zege unapasuka na kutoa vumbi kila ukifagia. Lifunike kwa magunia, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Nguvu tunayoihesabia huja baada ya siku 28, kwa hiyo lori la mchanga lisipite juu yake wiki ya kwanza, hata dereva akibembeleza.

Wakati wa kuchanganya, ubaya unageuka. Fundi huongeza maji ili zege litiririke na mgongo wake upumzike. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 unatosheka na lita 25 za maji, yaani jerikeni moja na robo, na mchanga ukiwa tayari umelowa, punguza. Simama hapo uhesabu. Fundi atanuna, lakini zege ni lako. Na lenye unene wa sentimita 10 likatwe mistari kila mita 3, la sivyo litajikatia lenyewe, mahali panapolipendeza.

Je, kabro, yale matofali ya zege ya kupanga chini? Watu husema hizo unapanga tu juu ya udongo. Ukipanga juu ya udongo, baada ya msimu mmoja wa mvua utaona mistari miwili ya matairi imezama. Chini panataka maramu (udongo mwekundu wenye changarawe) iliyoshindiliwa kwa mashine, juu yake mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na pembeni ukingo wa zege wa kuzibana zisitawanyike. Mimi nazipenda kwa sababu bomba likivuja unazing'oa na kuzirudisha.

"Ni kiwanja changu, kibali cha nini?" Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga, na kuongeza gereji kwenye nyumba ni kujenga. Kampala unaomba KCCA, mamlaka ya jiji, kwingineko unaomba halmashauri yako. Nje ya geti si kwako kabisa: ukiujaza maramu mtaro wa barabara ili gari lipite, umeuziba kwa mtaa mzima. Weka kalavati.

Na umeme ukikatika, usiwashe jenereta ndani ya gereji eti mlango uko wazi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mlango wazi hautoshi kuitoa. Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha.

Upana nao: gari likiingia haimaanishi gereji inatosha. Acha mita 3 kwa 6 kwa gari moja, ufungue mlango na kumtoa mtoto bila kukwangua rangi.

Dada alilipa tena, zege likakatwa mbele ya mlango, mtaro ukawekwa. Tulimwaga ndoo nzima getini tukayafuata maji kwa macho: yalikuja mbio, yakafika kwenye chuma, yakapotelea humo. Mchele hata hivyo siku hizi anauweka juu ya meza.