Maktaba na wasomaji wenye ulemavu: tunayoyaamini na yaliyo kweli

“Hawaji, sasa tuwawekee za nini?”

Ukiuliza habari za huduma kwa watu wenye ulemavu katika maktaba ya umma, jibu hili huwa haliko mbali. Linafanana na hoja mpaka ulikague. Mtu asiyeona hatapanda daladala mbili kwenda kwenye jengo lisilo na hata kitabu kimoja anachoweza kukisoma. Hawaji kwa sababu hakuna kitu, na hakuna kitu kwa sababu hawaji. Katiba ya Kenya ya 2010 haikusubiri daftari la mahudhurio: ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo, usafiri wa umma na habari, na haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu (maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole) au njia nyingine inayomfaa. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka huohuo.

“Asiyeona anahitaji nukta nundu, basi”

Nukta nundu hufundishwa, kama maandishi yoyote. Aliyepelekwa mapema Buigiri kule Dodoma au shule ya wasioona ya Thika ataisoma kwa kasi ya kukushangaza. Lakini mzee aliyepoteza macho kwa glakoma akiwa na miaka 60 huenda haijui hata herufi moja, na kama ana kisukari, ncha za vidole vyake huenda zimekufa ganzi. Huyo mpe kitabu cha sauti.

Halafu kuna kundi linalosahaulika kuliko yote: wenye uoni hafifu. Wengi wanaohesabiwa kuwa na ulemavu wa macho wanaona, ila kidogo. Watu wenye ualbino wamo humo. Kuna watoto wenye ualbino waliopelekwa shule za wasioona, wakafundishwa nukta nundu, na wakawa wanaisoma kwa macho, wameinamia karatasi kutazama vivuli vya zile nundu! Mtoto wa namna hiyo anahitaji maandishi makubwa, pointi 16 au 18, kioo cha kukuzia, na kiti kilicholipa dirisha mgongo ili mwanga usimchome. Hakuna kati ya hivyo kinachosubiri mfadhili.

Nukta nundu bado ina kazi yake, hasa kwa mwanafunzi anayetakiwa kujua tahajia au kufuata hesabu. Taabu ni ukubwa: Biblia nzima hufika juzuu 40 hivi, yaani rafu nzima. Wachache wanajua kwamba Umoja wa Posta Duniani umesamehe ada ya posta kwa vifurushi vya wasioona hadi kilo 7, isipokuwa nyongeza ya usafiri wa ndege. Maktaba ya wilaya inaweza kuazima kutoka mbali.

“Kugeuza kitabu kuwa sauti bila ruhusa ni wizi wa hakimiliki”

Hii ndiyo dhana iliyowafunga mikono wakutubi wengi waaminifu, na kwa muda mrefu katika nchi nyingi hofu yao ilikuwa na msingi. Umoja wa Vipofu Duniani umekuwa ukisema kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa hupatikana katika muundo ambao asiyeona anaweza kuusoma. Hali hiyo waliipa jina: njaa ya vitabu. Juni 2013, mjini Marrakesh, nchi zilikubaliana mkataba wa kuiondoa, nao ukaanza kutumika Septemba 30, 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020.

Mkataba unaruhusu mambo mawili makubwa. La kwanza, taasisi isiyofanya biashara, ikiwemo maktaba au shule, inaweza kutengeneza nakala ya sauti, ya nukta nundu au ya maandishi makubwa bila kumwomba mwenye hakimiliki. La pili, nakala hiyo inaweza kuvuka mpaka. Kwetu sisi hili la pili ndilo lenye utamu. Riwaya ya Kiswahili ikishasomwa na kurekodiwa Nairobi, hakuna haja ya mtu wa Dar es Salaam kuirekodi upya.

Masharti yapo. Nakala ni ya walengwa tu: wasioona, wenye uoni hafifu, wenye disleksia au shida nyingine ya kusoma chapa, na wale ambao mikono haiwezi kushika kitabu wala kufunua kurasa. Kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mzima ni jambo jingine kabisa. Tena kila nchi ina sheria yake ya ndani ya kufuata; Kenya iliyaingiza haya katika marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019.

“Tumeshaskani, kwa hiyo kinasomeka”

Ukurasa ulioskaniwa ni picha. Programu ya kusoma skrini ikiukuta husema ukurasa ni mtupu, au hunyamaza. Jaribio lake ni rahisi: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Lisipochagulika, faili hilo lipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu asahihishe makosa.

Na bei? NVDA, programu ya kusoma skrini ya Windows iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ni ya bure. Inakuja na sauti ya eSpeak, ambayo ina Kiswahili. Wengi huiacha kwenye Kiingereza, kisha wanalalamika kwamba mashine inatafuna “maktaba” kama Mzungu aliyeshuka jana. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua Kiswahili. Haina ulaini wa mtangazaji wa redio, lakini anayeizoea huiongeza kasi mpaka wewe wa pembeni huambulii neno.

“Njia ya kiti mwendo ipo”

Ipo, na imesimama kama paa. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu: ngazi tatu za sentimita 15 zinadai mteremko wa mita 5.4. Ukiona wa mita mbili, huo umejengwa kwa ajili ya ripoti. Kisha mlango wa upande huo uwe wazi, sio kufuli lake linasubiri mlinzi aliyekwenda kunywa chai.

“Viziwi wanaona, wasome tu”

Kwa wengi waliozaliwa viziwi, lugha ya kwanza ni ya alama, yaani ya ishara, yenye sarufi yake. Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili waliyojifunza bila kuisikia. Saa ya hadithi kwa alama na video zenye maandishi chini zinawafaa kuliko rundo la vitabu. Mkataba wa Marrakesh hauwagusi, kwa hiyo hapa maktaba inabidi ijitume yenyewe.

“Aje na ndugu yake amsomee”

Amsomee nini? Kitabu cha sheria ya talaka? Kijitabu cha dawa za kufubaza VVU? Wewe unayeona huchukua hivyo rafuni na kwenda kukaa pembeni bila mtu kujua. Yeye anahitaji kompyuta moja yenye NVDA, kibodi iliyozoeleka, na vipokea sauti vya masikioni vinavyotolewa pale mezani bila kuulizwa ni vya kusomea nini.