Waliofukiwa Bududa hawakuwa wakosaji kuliko sisi

Kila mara mvua za Mlima Elgon zinapoua watu, swali linanifikia kabla maiti hazijatolewa kwenye tope: Mchungaji, Mungu alikuwa wapi? Na mara nyingi nakuta mtu mwingine ameshalijibu kwa sauti kubwa. Wamekosa, anasema. Wamerudia mizimu, wamezidi pombe, ndiyo maana mlima umewashukia. Nafundisha theolojia hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, na kuongoza ibada ya Kiswahili mjini, na kwa jibu hilo sina subira hata kidogo. Ni la kikatili, na Bwana mwenyewe alilikataa.

Fungua Luka 13. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye akaongeza mkasa mwingine ambao haukuwa na muuaji: mnara wa Siloamu, ulioangukia watu 18. Mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: sivyo. Halafu akawageukia waliosimama mbele yake, akawaambia watubu wao. Toba anadaiwa aliye hai na anayesikia. Anayehubiri dhambi za marehemu mbele ya jeneza ameigeuza sura hiyo juu chini.

Sasa chukua kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, tarehe 1 Machi 2010. Mvua ilikuwa imenyesha kwa muda mrefu, mlima ukakatika, na udongo ukafukia nyumba, maduka na kituo cha afya. Waliokufa na waliopotea walikadiriwa kupita 300. Wengi hawakupatikana kamwe, maana waliochimba walichimba kwa majembe. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, wilaya hiyohiyo, mto ukishuka na mawe na magogo. Novemba 2024 ikawa wilaya ya Bulambuli. Mvua hiyo haikuchagua. Ilimfukia mlevi na mzee wa kanisa, na mtoto mchanga ambaye hakuwa amejua bado kushoto wala kulia.

Kwa nini basi Mungu ameumba mlima unaoua? Hapa sayansi inanisaidia, wala siiogopi. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana. Miamba yake imeoza kwa maelfu na maelfu ya miaka ikawa udongo mzito wenye rutuba, ndio unaotupa kahawa ya arabika na matoke, na ndio uliowavuta babu zetu kukaa juu kule. Udongo huohuo ukinywa maji mengi kwenye mteremko mkali unakuwa mzito na kupoteza mshiko wake juu ya mwamba. Upande wa magharibi wa nchi mambo ni hayohayo: nyufa za Bonde la Ufa zilizotikisa Toro mwaka 1966 na kuua watu zaidi ya 100 ndizo zilizoinua Rwenzori na kutupa Ziwa Albert na samaki wake. Dunia inayofuata kanuni thabiti ndiyo dunia pekee ambamo mkulima anaweza kupanda akitarajia kuvuna. Mungu hazigeuzi kanuni hizo kila saa kulingana na nani amelala wapi. Mathayo 5:45 inasema huwanyeshea wenye haki na wasio haki, na sisi hupenda kuusoma mstari huo wakati wa ukame tu.

Tena kuna sehemu ambayo ni yetu. Tumekata miti yenye mizizi mirefu. Tumechimba mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba. Tumegawana ardhi hadi mtoto wa mwisho akabaki na kipande kilichoning'inia juu ya bonde. Siwalaumu maskini wanaokaa pale. Wengi hawana pengine pa kwenda. Lakini tusimbebeshe Mungu mzigo wote.

Hata hivyo, nikikueleza tope linavyoteleza, sijamweleza mama kwa nini ni mwanawe. Sina maelezo hayo, na sidhani Biblia inayatoa. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja, vina utungu hata sasa. Dunia hii bado haijafika inakokwenda. Ninachokiamini kwa moyo wangu wote ni kwamba Mungu hakukaa mbali akitazama. Aliingia katika mwili unaoweza kupondwa, akalia kaburini kwa Lazaro ingawa alijua atamfufua, akafa kifo kibaya, na siku ya tatu kaburi likashindwa kumzuia. Tumaini langu juu ya wale waliobaki chini ya udongo wa Nametsi limeshikilia hapo.

Kuna msemo tunaoutumia sana msibani: kazi ya Mungu haina makosa. Naukiri. Ila naomba tuangalie anayeusema ni nani. Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na majeraha yalikuwa yake mwenyewe. Hakuna aliyemsemea. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na hadi hapo walifanya vyema. Walipoanza kumweleza sababu ndipo mambo yakaharibika, na mwishoni Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kwamba hasira yake imewaka juu yao. Ayubu aliyelalamika ndiye aliyesifiwa kuwa amenena sawa. Kwa hiyo mfiwa akipiga kelele "Ee Bwana, hata lini?", usimnyamazishe ukidhani anakufuru. Anasali Zaburi ya 13.

Bibi mmoja wa huko juu alinionyesha ufa katika shamba lake la migomba. Alikuwa amepigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, akafunga kamba ya mgomba katikati. Kila asubuhi msimu wa mvua huigusa kwa kidole kuona kama imekaza zaidi ya jana. Akaniuliza: nikishuka kwenda tambarare, sitakuwa nimekosa imani? Nikamwambia, mama, aliyekupa akili ya kufunga kamba hiyo ni Mungu, na siku ikikaza sana atakuwa amekwambia ushuke. Hakuridhika sana. Mume wake amezikwa pale, kahawa yake iko pale, na anawajua waliohamishiwa wilaya ya Kiryandongo, mbali na mlima, baada ya 2010 kisha wakarudi. Serikali inawahamishia watu Bunambutye, tambarare ya chini ya mlima, tangu 2019, lakini nyumba mpya haihamishi kaburi wala shamba.

Nabii Agabo alipotabiri njaa kule Antiokia, Matendo 11 haisemi kwamba ndugu waliuliza ni nani amekosa huko Uyahudi. Walichanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakatuma kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Makanisa yetu ya mjini na ya tambarare yana majengo yanayokaa matupu usiku kucha. Wazee wa kanisa mnaosoma hapa, kaeni na wenyeviti wa vijiji vya juu kabla mvua za Machi hazijaanza, mkubaliane nani atalala wapi na nani atashika funguo.