Bikoni za mita 60: ramani ya maumbo ya ardhi inasema nini kuhusu mwambao wa Kigoma

Tangu bikoni za hifadhi ya mita 60, ukanda wa ukingo wa maji usioruhusiwa kujengwa, zianze kusimikwa kandokando ya Ziwa Tanganyika na mito, malalamiko yanayofika mezani kwetu yanafanana: "Ziwa limetufuata, sisi hatukulifuata." Hasira hiyo naielewa. Aliyejenga kwa jasho lake Kibirizi au Ilagala hapendi kuambiwa na afisa mwenye kishikwambi kwamba sebule yake ni ufukwe. Hata hivyo kauli yenyewe haina ukweli, na ushahidi tunaukanyaga kila siku.

Kazi hii ya kuweka mipaka inategemea ramani ya jiomofolojia, yaani ya maumbo ya ardhi. Humo kila kipande cha ardhi huchorwa kwa umbo lake, mashapo au mwamba uliokijenga, nguvu iliyokichonga, na umri wake ukilinganisha na kipande jirani. Tunaanza na picha za anga na data za mwinuko za setilaiti, kisha tunashuka uwanjani na jembe na kekee ya udongo. Hatua ya pili haikwepeki. Data za mwinuko zilizopigwa na chombo cha anga za juu Februari 2000, ambazo wengi huzipakua bure, zina kipimo cha mita 30 kwa kila nukta. Ngazi ya ufukwe wa zamani, yaani kidaraja kilichoachwa ziwa liliposhuka, yenye kimo cha mita mbili haionekani humo.

Ngazi hizo ndizo zenye habari. Pale Ujiji, mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, leo uko mbali na maji, mamia ya mita. Wapo wanaodhani mnara ulikosewa mahali. Enzi zile ziwa lilikuwa juu na likizidi kupanda, kwa sababu Mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka Tanganyika kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Msafiri Mwingereza Cameron aliukuta hivyo mwaka 1874, Stanley akaukuta hivyo mwaka 1876. Kizuizi kilizolewa karibu mwaka 1878, na katika muda usiozidi miaka ishirini ziwa likashuka takriban mita 10. Tambarare ya mchanga iliyobaki nyuma ndiyo tuliyoigawana viwanja.

Halikutulia hapo. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwaka 1964 ziwa lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, wakati kimo chake cha kawaida ni kama mita 773 hadi 775. Mwaka 2020 na 2021 likapanda tena, likaingia bandarini na majumbani. Penye majabali, mita moja ya kupanda hutaiona. Kwenye delta ya Luiche au ya Malagarasi, ambako ardhi iko karibu bapa, mita hiyo hiyo hula shamba zima. (Malagarasi, kwa wanaopenda mambo haya, unaaminika kuwa mkongwe kuliko ziwa lenyewe: ulikuwa ukitiririka kuelekea Kongo kabla Bonde la Ufa halijaukata, na baadhi ya samaki wake bado wana ndugu huko.)

Kaskazini, kuelekea Gombe, hatari ni nyingine. Vijito vifupi vinashuka kutoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kwa kasi, vikifika chini vinamwaga mawe na mchanga katika umbo la upepeo uliokunjuliwa. Mahali hapo pana maji, udongo mwepesi na ardhi iliyosawazika, kwa hiyo ndipo kijiji kinapokaa. Ukichimba msingi ukakuta mawe makubwa yaliyoviringika, jua kuwa mafuriko ndiyo yaliyoyaleta, na kijito kinachoyaleta hubadilisha njia bila taarifa. Kufyeka mlima juu yake kunaongeza mzigo.

Sasa utaratibu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mvunjaji anaweza kukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, pamoja na amri ya kurejesha mazingira kwa gharama zake. Asipoitekeleza, kazi hufanywa na mamlaka na gharama hudaiwa kwake. Kibali cha kutumia maji si kibali cha kujenga. Narudia: si kibali cha kujenga. Tafsiri ya sheria ni kazi ya mahakama. Hapa naeleza tu tunavyofanya kazi.

Mwenye pingamizi aandike barua kupitia mtendaji wa mtaa au kijiji, aambatishe nyaraka za umiliki na koordineti za pembe zote za kiwanja, na aeleze zimepimwa kwa mfumo gani wa kuonyesha mahali. Simu yako hutumia WGS 84. Ramani nyingi za upimaji nchini ziko kwenye Arc 1960. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa ni kama mita 300, nasi tunabishania mita 60! Tena kwenye ramani hizo nchi hugawanywa kwa kanda zenye namba: Ujiji iko kanda ya 35 na Uvinza kanda ya 36, hivyo namba isiyotaja kanda haina maana. Barua za namna hiyo tunazirudisha.

Siku ya uhakiki mwenye kiwanja awepo, na shimo la udongo lichimbwe mbele yake. Mzee anayekumbuka maji yalikofika mwaka 1964 naye aje. Maelezo yake yanaandikwa kwenye fomu, kisha tunayalinganisha na mchanga uliotoka shimoni.