Mguu wa matende huoshwa kila siku

Kila msimu wa kingatiba, yaani ugawaji wa vidonge vya kukinga ugonjwa, wenye matende huniuliza kama safari hii vidonge vitaupunguza mguu. Huwajibu wazi: ivamektini na albendazoli huua vijiminyoo vilivyomo kwenye damu, ili mbu asivipeleke kwa jirani. Mishipa ya limfu (majimaji ya mwilini) iliyokwisha kuharibiwa na minyoo haijengwi upya na kidonge. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000, huduma kwa waliokwisha kuvimba ilikuwa sehemu ya pili ya lengo. Ndiyo tunayoilegeza.

Kinachoukuza mguu mwaka hadi mwaka ni bakteria. Limfu ikituama, ngozi hukosa ulinzi. Fangasi huipasua ngozi katikati ya vidole, bakteria hupenya, na mara mtu anatetemeka kwa homa, mtoki umemtoka kinenani, mguu unawaka wala hauguswi. Kila shambulio huacha uvimbe zaidi na ngozi ngumu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa akikaa mbele yangu, naanza na vidole.

Osha kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo ya moto, kutoka juu kushuka hadi vidoleni, kila mkunjo. Kisha kausha, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Taulo nene haliingii kati ya vidole vilivyobanana; unyevu hubaki, fangasi hushamiri. Kipande safi cha khanga kuukuu kinapita vizuri, taratibu, bila kusugua. Palipochubuka paka dawa. Ukikaa au ukilala, inua mguu. Zungusha kifundo mara kwa mara. Vaa kiatu kipana. Homa ikija, acha mazoezi, poza mguu kwa maji baridi, wahi zahanati upate antibiotiki. Usikubali kuchanjwa chale wala kukandwa kwa maji ya moto.

Huko Recife, Brazil, Dkt. Gerusa Dreyer na wenzake waliwaweka wagonjwa katika vikundi vya kufundishana usafi huu, na mashambulio yakapungua.

Mabusha yanayotokana na minyoo hiyohiyo hupasuliwa. Hayaletwi na madafu, ingawa huku Pwani wengi bado wanaamini hivyo. Kuyanyonya maji kwa sindano hakusaidii: hurudi, na sindano yaweza kuingiza maambukizi.

Wenzangu wa zahanati, mgonjwa wa matende tumwandike kwenye daftari la kliniki kama tunavyomwandika wa kisukari, apewe tarehe ya kurudi, na akirudi avue viatu tuangalie vidole.