Kisukari, Dopamini na Miguu ya Panya

Panya wa maabara mwenye kisukari hutambulika hata kabla damu yake haijapimwa. Chupa yake ya maji huisha upesi, na maranda aliyotandikiwa yamelowa mkojo chapachapa. Alidungwa streptozotosini, dawa inayoziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na baada ya siku chache sukari ikapanda.

Wengi wetu tukisikia insulini tunawaza sukari tu. Lakini insulini hufika hadi ubongoni, na seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana ujumbe, zina vipokezi vya insulini. Bila dopamini mwili hushindwa hata kuanza mwendo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasayansi Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa ya reserpini. Dopamini ikawaishia ubongoni, wakaduwaa, masikio yamelala. Alipowadunga levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, wakaamka na kutembea.

Turudi kwa panya wetu. Amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, huzifanya seli zimwage dopamini. Panya mzima akipewa dawa hiyo na kuwekwa kwenye sanduku lenye miale ya mwanga, huzunguka bila kutulia, na kila mwale anaoukata huhesabiwa. Mwenye kisukari, kwa dozi ileile, husogea kidogo tu. Watafiti waliliona hilo tangu miaka ya 1970.

Chanzo kimojawapo kiko kwenye utando wa seli. Hapo kuna protini inayoirudisha dopamini ndani baada ya kutumika, na amfetamini huingilia mlango huohuo. Insulini ikikosekana, protini hizo hupungua juu ya utando, dawa ikakosa pa kupitia. Insulini ikirudishwa, panya huanza tena kuitikia. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote: katika ugonjwa wa Parkinson seli za dopamini hufa, ila kwa panya hawa zipo, zimepungukiwa milango tu.

Hayo ni ya panya, tena kwa dawa maalumu. Ndugu mwenye kisukari anayeona miguu inakufa ganzi au inakuwa mizito asikimbilie kuulaumu ubongo. Mara nyingi ni neva za miguuni zilizoumizwa na sukari ya muda mrefu. Ukienda kliniki, vua viatu na soksi, uombe nyayo zikaguliwe.