Kwa nini filamu hutiwa dawa ya kulowesha ndipo ikauke vizuri?

Mtu anayesafisha filamu nyumbani anaweza kupita salama kwenye developa (dawa ya kutokeza picha), fiksa (dawa ya kuikaza picha isiharibiwe na mwanga) na suuza ndefu ya maji, kisha akaiharibu kazi yote kwenye hatua isiyohitaji giza wala dawa kali: kuianika. Filamu iliyokauka huonekana safi hadi uiinamishe kuelekea dirishani. Hapo ndipo viduara vyeupe hujitokeza upande unaong'aa, vimefuatana kutoka juu kwenda chini, kimoja kikiwa kimetua usoni kwa mtu uliyempiga picha.

Kinga yake ni dawa ya kulowesha, kimiminika kinachotiwa kidogo sana kwenye maji ya mwisho. Kodak huiuza kwa jina la Photo-Flo, na Ilford kwa jina la Ilfotol. Inashangaza kidogo kwamba filamu iliyokaa majini muda wote huo bado inahitaji kuloweshwa. Lakini kukaa majini na kulowa si jambo moja, na tofauti huonekana pale tu unapoitoa filamu.

Molekuli za maji huvutana. Zilizo katikati huvutwa na wenzake kutoka kila upande, ila zile za juu kabisa hazina jirani upande wa hewani, kwa hiyo huvutwa ndani na uso wa maji hukaza. Hali hiyo huitwa mvutano wa uso, na kwa maji ni mkubwa: karibu milinewtoni 73 kwa mita kwenye nyuzi joto 20. Spiriti na mafuta ya taa hayafiki hata nusu ya hapo. Maji yakikutana na mgongo wa filamu ya milimita 35, ambao ni plastiki laini, huchagua kushikana yenyewe kwa yenyewe kuliko kutandaa juu yake. Hujikusanya matone, kama umande juu ya jani la magimbi. Sehemu kubwa hudondoka, na yale yanayobaki yanang'ang'ania palepale hadi yakauke.

Kukauka kwenyewe ndiko kunakoacha alama. Maji ya bomba yana chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake, hasa za kalsiamu na magnesi. Chukulia maji yenye miligramu 200 za chokaa kwa lita, kiwango cha kawaida kabisa kwa maji magumu, yaani yenye chumvi hizo kwa wingi. Tone moja la mililita 0.05 litabeba miligramu 0.01 tu. Kiasi hicho hukioni kikisambaa, ila tone haliachi chokaa yake isambae. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Robert Deegan na wenzake, walieleza kinachotokea: ukingo wa tone hunasa mahali pake, maji ya ukingoni hukauka upesi zaidi, na maji ya katikati hutiririka kwenda kuziba pengo, yakisomba kila kilichomo. Mzigo wote huishia pembeni. Ndiyo maana doa la filamu huwa duara lenye mstari mkali, na ndani yake kuna uwazi.

Kwenye picha iliyochapwa, duara hilo huwa jeupe, kwa sababu chokaa huzuia mwanga unaopitishwa kwenye filamu usifike kwenye karatasi. Fremu moja ya filamu ya milimita 35, yaani nafasi ya picha moja, ina milimita 24 kwa 36. Ukiikuza ijae karatasi ya sentimita 20 kwa 25, kila kitu hukua mara nane na zaidi, na alama ya milimita moja inakuwa pana kama ukucha wa kidole kidogo.

Alama ya mgongoni inasameheka. Ukiirudisha filamu kwenye maji safi, ukaiacha ilowe na kuianika upya kwa utaratibu, mara nyingi hutoka. Upande wa pili, ule usiong'aa wenye picha, ndio unaouma. Picha pale imo ndani ya jelatini, tabaka jembamba kama gundi lililopakwa juu ya plastiki, na jelatini hunywa maji ikavimba. Tone likibaki juu yake, sehemu iliyo chini ya tone hukaa imevimba wakati jirani zake zimeshanywea. Mvutano kati ya sehemu hizo mbili husogeza chembe za fedha zinazounda picha, na doa likitokea namna hiyo hakuna kitambaa wala dawa ya kuliondoa, kwa sababu juu ya filamu hakuna uchafu wowote. Picha yenyewe ndiyo iliyobadilika.

Sasa dawa inafanya nini? Molekuli yake ina ncha mbili zenye tabia tofauti: kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ikitiwa majini hupanda hadi juu, ikazamisha kichwa na kuelekeza mkia hewani, na zingine hujipanga hivyohivyo pale maji yanapogusana na plastiki. Uso wa maji ukishajaa molekuli hizi, ule mkazo hulegea hadi chini ya nusu ya kiwango chake. Maji hayawezi tena kujikunja kuwa tone. Hutandaa kama utando mwembamba, huteremka kwa pamoja, na machache yanayobaki hukauka sawasawa kote.

Elimu hii ina asili ya jikoni. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu, maana wakati wake milango hiyo ilifungwa kwa wanawake. Alibaki nyumbani akiwatunza wazazi wake wagonjwa. Huko ndiko alikoanza kuchunguza jinsi uchafu na mafuta vinavyobadilisha uso wa maji, akatengeneza chombo cha bati chenye kipande cha kusogeza ili aubane au aupanue uso wa maji, na akapima nguvu inayohitajika kuinua kisahani kidogo kutoka juu yake. Mwaka 1891 alimwandikia mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akaipeleka barua hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature. Nampa heshima kubwa mama huyu. Alionyesha kwamba utando mwembamba kupita kiasi, ukishabanana vya kutosha, hubadilisha tabia ya uso mzima.

Hapo ndipo kipimo kidogo kinapoeleweka. Maelekezo ya kawaida ni sehemu moja ya dawa kwa 200 za maji, yaani mililita 5 kwa lita. Tangi dogo la kusafishia filamu la kampuni ya Paterson, linalohitaji mililita 290 kwa filamu moja, linataka mililita moja na nusu tu; kipime kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikadirie kwa jicho. Uso ukishajaa, molekuli za ziada hukosa pa kukaa juu, zikakusanyika vifundo vifundo ndani ya maji, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Hazilegezi tena mvutano wowote. Kazi pekee inayozibakia ni kukauka juu ya filamu na kuacha michirizi yenye utelezi. Anayeongeza dawa "ili kuwa na uhakika" anajitengenezea madoa ya aina nyingine.

Wengi huuliza kama sabuni ya kawaida haitoshi. Sabuni ya mche haifai hata kidogo: kichwa chake kina chaji hasi, kikikutana na kalsiamu ya maji magumu hushikana nayo na kufanya utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaobaki kwenye beseni la kufulia. Dawa za filamu kwa kawaida hutumia molekuli zisizo na chaji, ambazo kalsiamu haizinasi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina tatizo hilo kwa kiwango kilekile, ila ina rangi, manukato na chumvi ya kuifanya nzito, na hivyo vyote hubaki kwenye filamu. Kama negativu, yaani filamu yenye picha zako, ni ya maana kwako, nunua dawa yenyewe. Chupa moja hukaa miaka.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba dawa haiondoi chokaa. Inazuia tu isikusanyike mahali pamoja. Maji yakiwa na chumvi nyingi mno, utando unaokauka sawasawa utaacha ukungu sawasawa. Anayeishi pwani ya Afrika Mashariki na kutumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe anajua birika lake linavyoota ganda jeupe ndani. Mwamba huo ni chokaa tupu. Kwa maji ya mwisho tumia yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo kwanza, maana duka hilohilo huuza na tindikali ya betri.

Utaratibu ni mfupi. Itoe filamu kwenye rili (gurudumu linaloishikilia ndani ya tangi) kabla ya kuitia dawani, kwa sababu mabaki ya dawa huganda kwenye mifereji ya rili ya plastiki, na filamu inayofuata itakwama njiani gizani. Izamishe kwa nusu dakika hadi dakika moja bila kuitikisa, povu lisipande. Usiisuuze tena. Itundike na kibanio kizito chini mahali pasipo vumbi, na usiibane kwa vidole kukamua maji, kwani jelatini iliyovimba huchubuka kwa punje moja ya mchanga.

Filamu za rangi zinazosafishwa kwa mfumo wa dawa uitwao C-41 zina maji yao ya mwisho yanayokuja na seti ya dawa, na ndani yake dawa ya kulowesha imeshatiwa, kwa hiyo usiongeze nyingine. Maji ya dawa uliyokwisha kuchanganya yamwage baada ya kazi. Yakikaa siku kadhaa huota ukungu, na ukungu huo hutua kwenye jelatini.